Mwai Hakuwa Akienda Mbio

S.L.P. 316,
Mukurweini.
12 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Wambugu,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua sasa umetulia. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Baridi ya Julai imeshuka sawasawa. Mlima hatujauona tangu wiki jana, na Mama haondoi shuka mabegani hata akienda kanisani. Kifua chake ki salama. Ng'ombe wote wawili wanakamuliwa, ingawa yule mwekundu amepunguza maziwa.

Utashangaa kuletewa karatasi katika siku hizi za simu. Nimempa Wangechi, binti ya shangazi Wangui, anayerudi huko Calgary Jumatano. Simu yangu siku hizi unaiacha ilie mpaka inyamaze. Kundi la familia nalo lina masikio mengi, na ya Mama yamo. Kwa hiyo keti mahali peke yako usome.

Mguu wa Mwai unaendelea. Anatembea kwa magongo kutoka kitandani hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi kwenye lango, ambako hukaa akitazama pikipiki za wenzake zikipita. Daktari anasema mfupa wa paja unashika vizuri. Hilo la mfupa halininyimi usingizi tena.

Kinachoniuma ni wewe. Nimejaribu kuliandika hilo kwa namna ya adabu zaidi nikashindwa.

Wiki mbili baada ya ajali ulimpigia simu Mzee Gatobu kule Nkubu, baba ya Karwitha, kumwomba radhi kwamba ziara yetu ya kumposea Mwai itachelewa. Hapo ulifanya vyema. Baba hayuko, wewe ndiwe kifungua mimba, na kuongea na wakwe ni kazi yako. Lakini hukuishia hapo. Ulimweleza kwamba mdogo wetu amependa mbio tangu utotoni, kwamba alikuwa akiikimbiza pikipiki kwenye kona, na kwamba wewe binafsi utamrekebisha. Simu ilikuwa kwenye spika. Karwitha alikuwa ameketi hapo hapo akimenya viazi, na ndiye aliyenisimulia.

Jambo ambalo hukujua, kwa sababu hukuuliza, ni kwamba Mzee Gatobu alimzika mwanawe wa kwanza, na ni pikipiki iliyomuua. Mzee hakupiga kelele. Alimpigia Mama siku iliyofuata, akasema kwa upole, "Mimi sina shida na kijana yenu, mama. Lakini msichana yangu sitampea mtu wa mbio. Hiyo nilizika moja, imetosha." Tunatakiwa Nkubu tarehe mbili Agosti, Mama, mimi, Mwai na wazee wawili, kwenda kusikia neno lake la mwisho. Karwitha bado anampenda Mwai, anapiga simu kila jioni. Ila hawezi kumvuka baba yake, na Mwai hatamwomba amvuke.

Sasa nisikilize. Mwai hakuwa akienda mbio asubuhi ile alipokuwa akiteremsha mikebe ya watu kwenye kituo cha maziwa. Nitakuonyesha, tena kwa somo lile lile ninalosimama nalo mbele ya watoto kila siku.

Kila mwaka nikianza sura ya mwendo na kidato cha pili, nauliza darasa spidi ni nini, na wote wananyoosha mikono. Nikiuliza velositi ni nini, wanainamisha vichwa, isipokuwa mmoja ambaye hujibu kwamba ni spidi ya watu waliosoma. Basi nawachorea magari mawili yanayotoka Nyeri mjini saa moja, yote kwa kilomita hamsini kwa saa. Moja linaelekea Karatina, jingine Nanyuki. Baada ya nusu saa dereva wa kwanza ananunua ndizi sokoni Karatina, na wa pili anakaribia Naro Moru akitafuta sweta. Spidi yao ilikuwa moja njia nzima. Velositi zao hazikuwa sawa hata mara moja, kwa sababu spidi hueleza unakwenda kwa kasi gani tu, ilhali velositi hueleza kasi gani na kuelekea wapi.

Hadi hapo wananielewa. Kona ndiyo inayowatatiza, na naona hata nyinyi wakubwa inawatatiza. Pikipiki ikiingia konani kwa kilomita thelathini na kutoka kwa thelathini, mshale wa spidi haujacheza, na kila mtu atakuapia kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini mwelekeo umebadilika, kwa hiyo velositi imebadilika. Na velositi haibadiliki yenyewe hivi hivi. Lazima kitu kisukume au kivute. Pikipiki inasukumwa na barabara, pale matairi yanaposhika. Mpanda pikipiki anavutwa na pikipiki, kwa kuwa ameishikilia kwa mikono na magoti. Lakini maziwa yaliyofika nusu ya mkebe yameshikwa na nani? Yanaendelea kule yalikokuwa yakienda, moja kwa moja, mpaka yaugonge ukuta wa mkebe. Maziwa hayana usukani.

Mkebe uliojaa hadi kifunikoni hausumbui hivyo, maana maziwa hayana pa kukimbilia. Yanageuka pamoja na mkebe. Mkebe mtupu hauna cha kukimbia. Ule wa nusu ndio wa kuogopwa.

Lakini haya nakueleza ya nini? Wewe ndiwe uliyetueleza sisi! Krismasi ile uliyokuja, ukiwa umeketi karibu na moto na ubavu wa mbuzi mkononi, ulitusimulia mlivyofundishwa huko kabla ya kukabidhiwa lori la tangi. Ulisema tangi la nusu linatisha kuliko lililojaa, kwa sababu dereva hupinda huku na mzigo ukaenda kule. Ulichukua sufuria ya supu kutuonyesha ukaimwaga kwenye mkeka wa Mama. Tulicheka sana, na Mama akacheka kuliko sisi sote, kwa sababu ulikuwa umekuja nyumbani.

Sasa jiulize kwa nini Mwai alibeba mikebe sita, na yote nusu.

Watu wetu unawajua. Mtu wa hapa atakupa jembe lake, atakuchimbia kaburi la baba yako bila kuombwa, lakini hatachanganya maziwa yake na ya jirani kabla hayajapimwa. Kila mmoja anaamini mwenzake anatia maji. Maboma sita ya mlima huu, ambayo maziwa yao ya asubuhi yangetosha mikebe mitatu iliyojaa kabisa, yanatuma mikebe sita iliyo nusu. Kijana anaifunga kwa mipira ya tairi juu ya pikipiki moja na kuteremka nayo kwenye barabara ya changarawe.

Wala haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwai alikuwa akichanganya ya Mama na ya Waithira, jirani yetu, na mwaka ukapita bila neno. Kisha asubuhi moja maziwa yao yakakataliwa kituoni, mpimaji akisema yana maji. Habari ilikufikia kabla hata mkebe haujaoshwa. Ukapiga simu, ukaamuru maziwa ya Mama yasichanganywe tena na ya mtu yeyote. Ukamnunulia mkebe wake, ule mkubwa wa lita hamsini, na ukataka jina la Baba liandikwe juu yake kwa rangi nyekundu. Ng'ombe wetu wawili wakijitahidi sana hawafikishi hata nusu ya mkebe huo. Waithira alipouona, naye akanunua wake. Kufikia Pasaka kila boma lilikuwa na mkebe wake. Mama aliusugua wake kwa majivu kila jioni, akauanika mahali ambapo wapita njia watauona.

Asubuhi ya ajali mkebe huo ulifungwa juu ya mingine. Kwenye kona ya chini ya kanisa, ile inayopinda kushoto, pikipiki ilipinda kushoto na maziwa yakaenda kulia. Mkebe ulikuwa juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote, ukaivuta pikipiki nzima hadi ukingoni. Moffat, bodaboda wa steji yetu, alikuwa nyuma yake. Alikuwa amembeba nyanya mmoja mwenye kuku wawili kikapuni, na nyanya huyo alikuwa amemwonya kwamba akizidisha mwendo wa punda atashuka atembee.

"Mwai hakuwa ameniacha hata kidogo," Moffat aliniambia. "Mimi nilikuwa pole, yeye alikuwa pole. Niliona tu mkebe ya juu imeinama, pikipiki ikafuata. Ata kuku hawakushtuka."

Huyo ndiye mtu wa mbio uliyemtangaza Nkubu.

Sikutaka kutegemea maneno ya Moffat peke yake, kwa hiyo nililipeleka jambo hili shuleni. Nilitoa kidato cha pili uwanjani na wilbaro, tukafunga juu yake mtungi uliojaa maji, na kila mtoto akaisukuma kwa mwendo wa kawaida kuzunguka jiwe la kona. Hakuna aliyeyumba. Tukamwaga nusu. Wa kwanza akashikilia kwa shida. Wa pili alikuwa Nyawira, msichana mfupi mwenye mdomo mrefu, na wilbaro ilimtupa kwenye nyasi na maji yakamfuata. Darasa zima lilicheka, hata mimi. Kisha yeye mwenyewe, akiwa bado amekaa pale chini na sketi imelowa, akaniuliza, "Madam, kwani huyu Mwai wa maziwa alianguka hivi? Na vile watu husema alikuwa mbio?" Kicheko kilikwisha pale pale. Watoto wale wanabebwa na pikipiki hizo hizo kuja shuleni.

Nilikwenda kwa kamati ya kituo cha maziwa, kwa sababu walikuwa wamemnyang'anya Mwai njia yake kwa kosa la mbio. Mwenyekiti wao ni Mzee Gikonyo, rafiki ya marehemu Baba. Nilimweleza yote, nikamwomba angalau awashawishi watu wajaze mikebe. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya shule. Hii ni barabara." Kisha akaniuliza kama mimi niko tayari kuchanganya ya Mama na ya Waithira. Nilisema ndiyo. Akacheka kama aliyeambiwa mzaha mzuri.

Badala yake waliiombea kona. Mchungaji alikuja na waimbaji, wakakemea, wakapaka mawe ya ukingoni chokaa. Mimi ni Mkristo na niliimba pamoja nao, lakini nilikuwa nimeuma meno. Siku ya pili mikebe mitano ilipita pale pale, kila mmoja nusu, kila mmoja na jina la mwenyewe. Ule wako haukuwemo, ulikuwa kwa fundi. Sasa ameunyoosha, na Mama anauliza ni kijana gani ataanza kuubeba. Nimemzuia kwa uongo mmoja baada ya mwingine, na uongo unaniishia.

Najua utakachosema. Utasema Mwai mwenyewe alikiri. Kweli, alikiri. Alikuwa kwenye kitanda cha hospitali, Mama amemshika mkono, na wote tuliokuwepo tulimsikia akisema alikuwa na mwendo mkali na kwamba ni ujinga wake. Ndiyo ukaipata kwenye kundi la familia, ndiyo ukaibeba hadi Nkubu.

Basi nilitoka shuleni siku ile ya wilbaro nikiwa nimefurahi kupita kiasi, nikamkuta kwenye lango, nikamweleza. Nilidhani atarusha magongo.

"Najua, Gathoni," alisema. "Nilisikia ikivuta. Kutoka kwa Waithira nilikuwa nasikia ikivuta."

Nikamuuliza kwa nini basi alidanganya.

"Mum ndiye alinifungia hiyo mkebe hiyo siku. Alisema iende juu ndio watu waone jina ya Baba. Sasa unataka nimwambie nini? Akijua ni hiyo mkebe ilinivunja, hatawahi lala tena. Wacha iwe ni spidi. Spidi ni mimi, si yeye."

"Na Karwitha?" nilisema.

Alichora mchangani kwa ncha ya gongo. "Karwitha ni uchungu," alisema. "Lakini Mum ni mmoja." Kisha akaongeza, kama jambo dogo, "Ata Wambugu usimwambie. Ataona ni kama tunamlaumu, na yeye ndiye alitununulia."

Umesoma vizuri? Kijana amevunjika paja, amenyang'anywa kazi, na yuko karibu kumpoteza mchumba. Na amelala kitandani akiwaza asije akakuumiza wewe. Wakati huo wewe ulikuwa kwenye simu ukimwambia mkwe wake kwamba utamrekebisha.

Nimelia kwa ajili ya jambo hili, na mimi si mtu wa kulia. Nimekuonea hasira hadi nimeshindwa kusali sala inayotaja jina lako. Ulituma mkebe kwa upendo, nalijua hilo. Lakini katika nyumba yetu wewe peke yako ndiwe uliyefunzwa kuogopa tangi la nusu. Ulijifunza, ukafanya mtihani, ukapewa leseni. Kisha ukampelekea mdogo wako tangi la nusu abebe mgongoni, kwa sababu ya shaka ya maji ndani ya maziwa ya Waithira. Na lilipomwangusha hukufikiria hata kwa dakika moja kile unachokifikiria kila siku kwenye lori lako. Huko kazini ni mzigo. Nyumbani ni tabia mbaya ya Mwai.

Ninachokutaka ukifanye ni kidogo. Mpigie Mzee Gatobu kabla ya tarehe mbili. Usizungumze na Mama, wala usiandike kwenye kundi. Mwambie mzee kwamba ulikosea uliposema mbio. Mwambie mkebe ule uliununua wewe na amri ya kutochanganya ilikuwa yako, na umweleze, kwa ufundi wako wa lori, maziwa yalivyofanya pale konani. Atakuelewa, amelima vilima maisha yake yote na kuteremsha mizigo. Kisha mwombe hilo libaki kati yenu wanaume wawili, Mama asilisikie. Neno likitoka kwako, kosa litakaa kwako, na Mwai atapata mke bila Mama kupoteza usingizi. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kulisema bila kumvunja mmoja wao.

Usipopiga, nitasema mimi. Nitasimama sebuleni kwa Mzee Gatobu, Mama akiwa ameketi pale na kitambaa chake cha Jumapili, na nitaeleza mkebe ulikuwa wa nani na ni nani aliyeufunga. Sitanyamaza Mwai akanyimwa mke kwa jina ambalo si lake. Nitamwumiza Mama, najua, na pengine hatanisamehe. Nimeyapima hayo. Uamuzi uko mikononi mwako, nami nitajua umeamua nini siku tutakayofika Nkubu, kwa jinsi mzee atakavyompa Mwai mkono.

Nisalimie sana mkeo, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Shangazi Wangui anakusalimu. Waithira pia anakusalimu, tena kwa moyo mweupe, hajui neno lolote kati ya haya. Mama anakubariki kila asubuhi kwa jina lako lote, kabla ya majina yetu. Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akuondolee barafu mbele ya magurudumu, na akupe ujasiri wa kushika simu.

Mwai hakukutumia salamu kwa sababu hajui kwamba ninakuandikia. Angejua, angekusalimu kwa moyo wake wote.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Gathoni